Kuandaa kerneli ya Linux ilinde programu dhibiti, kuanzia UEFI hadi chipu ya Wi-Fi

Watu wengi huwasha Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati wa kuwasha) kwenye menyu ya UEFI, yaani programu dhibiti (firmware) inayoiwasha mashine, wakaona kazi imekwisha. UEFI hukagua saini ya kipakiaji, kipakiaji hukagua kerneli, na ulinzi huo unaishia hapo. Baada ya hapo kerneli ndiyo inayoamua moduli ipi iingie, nani aguse kumbukumbu ghafi ya mashine, na faili gani la programu dhibiti lipelekwe kwenye kadi ya mtandao au ya picha. Kerneli iliyojengwa bila kuandaliwa hukubali chochote ambacho root ataiamuru.

Mwongozo huu ni wa mashine za x86-64 zenye UEFI na kerneli za mfululizo wa 6. Unachukulia kwamba tayari unajua kujenga kerneli ya kawaida. Kanuni moja inatawala kila hatua: usiamini `.config`, amini mashine inayoendesha kerneli hiyo. Kconfig hufuta kimyakimya chaguo ambalo mahitaji yake hayajatimia, na hutaona onyo lolote.

## Vifaa na tahadhari za mwanzo

Kwenye Debian au Ubuntu sakinisha vifurushi hivi:

```
sudo apt install build-essential flex bison bc libssl-dev libelf-dev \
  dwarves sbsigntool mokutil keyutils ima-evm-utils tpm2-tools
```

Tenga angalau GB 30 za diski ikiwa utaanza na usanidi wa distro yako, kwa sababu taarifa za utatuzi hula nafasi nyingi. Acha kerneli ya zamani iliyosainiwa na distro kwenye menyu ya kuwasha hadi mwisho kabisa. Kama diski imefungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski) na ufunguo umehifadhiwa ndani ya TPM (chipu ya usalama inayotunza funguo na vipimo vya kuwasha), hakikisha una nenosiri la dharura na umelijaribu. Sehemu ya kazi hii hubadilisha vipimo vilivyomo kwenye TPM, na siku hiyo diski haitafunguka yenyewe.

## Funguo kabla ya chochote

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuacha funguo za mtengenezaji na za Microsoft zilivyo, kisha kuongeza ufunguo wako kupitia shim, kipakiaji kidogo kilichosainiwa na Microsoft. Ufunguo huo huitwa MOK. Ya pili ni kufuta PK, KEK na db zote (funguo na orodha ya vyeti ambavyo UEFI inaviamini) na kuweka zako. Kwa kompyuta moja moja chukua njia ya kwanza. Ya pili ina hatari ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa: kadi nyingi za picha na baadhi ya kadi za mtandao hubeba programu dhibiti iliyosainiwa kwa cheti cha Microsoft UEFI CA. Ukikiondoa cheti hicho kwenye db, kadi haitaanzishwa, na mashine isiyo na picha ya ndani inaweza kubaki na skrini nyeusi hata ukitaka kuingia UEFI kurekebisha.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba KEK ya Microsoft ya mwaka 2011 na UEFI CA ya 2011 kikomo cha muda wake ni Juni 2026, na nafasi yake inachukuliwa na vyeti vya 2023. Sasisha programu dhibiti ya UEFI kabla hujaanza ili vyeti vipya viwemo.

Tengeneza ufunguo:

```
openssl req -new -x509 -newkey rsa:2048 -nodes -sha256 -days 3650 \
  -subj "/CN=Saini ya kerneli/" -addext "extendedKeyUsage=codeSigning" \
  -keyout mok.key -out mok.crt
openssl x509 -in mok.crt -outform DER -out mok.der
chmod 600 mok.key
sudo mokutil --import mok.der
```

RSA ya biti 2048 inatosha, tena ndiyo inayokubalika kwa uhakika na UEFI za kila aina. `mokutil` itakuomba nenosiri la muda. Washa upya mashine; skrini ya MokManager itatokea, chagua kuandikisha MOK na uliandike nenosiri lile. Skrini hiyo haisubiri muda mrefu. Ukiipita bila kubonyeza chochote, ombi linafutika na unaanza upya.

Kosa linalosumbua hapa ni kutumia MOK ambayo Ubuntu huitengeneza yenyewe kwa ajili ya DKMS (mfumo wa kujenga moduli za nje ya kerneli). Cheti chake kina alama ya OID 1.3.6.1.4.1.2312.16.1.2, maana yake ni cha kusaini moduli tu. Shim ikiona alama hiyo hukataa kerneli iliyosainiwa kwa cheti hicho, hata kama cheti kimeandikishwa vizuri. Ndiyo sababu unatengeneza chako.

## Usanidi wa msingi

```
cp /boot/config-$(uname -r) .config
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS "" \
               --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
scripts/config -e EFI -e EFI_STUB -e EFIVAR_FS -e EFI_CAPSULE_LOADER
scripts/config -e MODULE_SIG -e MODULE_SIG_ALL -e MODULE_SIG_FORCE \
               -e MODULE_SIG_SHA512
scripts/config -e SECONDARY_TRUSTED_KEYRING -e SYSTEM_BLACKLIST_KEYRING \
  -e INTEGRITY_SIGNATURE -e INTEGRITY_ASYMMETRIC_KEYS \
  -e INTEGRITY_PLATFORM_KEYRING -e LOAD_UEFI_KEYS \
  -e INTEGRITY_MACHINE_KEYRING
scripts/config -e KEXEC_FILE -e KEXEC_SIG -e KEXEC_BZIMAGE_VERIFY_SIG
make olddefconfig
```

Mstari wa pili una sababu. Usanidi wa Debian na Ubuntu huelekeza kwenye faili za vyeti ambazo ziko kwenye miti yao ya ujenzi tu. Usipouweka mtupu, ujenzi utakwama kwa ujumbe kama `No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem'`.

Baada ya `olddefconfig` hakikisha hakuna kilichopotea:

```
for o in MODULE_SIG_FORCE INTEGRITY_MACHINE_KEYRING LOAD_UEFI_KEYS \
  KEXEC_SIG; do grep -q "^CONFIG_$o=y" .config || echo "HAIPO: $o"; done
```

Kinachopotea mara kwa mara ni `INTEGRITY_MACHINE_KEYRING`. Kilikuja na toleo la 5.18 na kinategemea vitu vinne kwa pamoja: shada la pili la funguo, funguo za asimetriki za integrity, orodha nyeusi ya funguo, na usomaji wa funguo za UEFI. Kimoja kikikosekana, nacho kinaondoka.

Tukae kidogo kwenye mashada ya funguo, maana kutoelewana kwingi kunaanzia hapa. Kerneli hutunza funguo katika mashada tofauti yenye mamlaka tofauti. `.builtin_trusted_keys` lina funguo zilizojengwa ndani ya kerneli yenyewe. `.platform` lina zile zilizotoka db ya UEFI, na kwenye kerneli asilia shada hili hutumika kukagua kerneli ya kexec (kuwasha kerneli nyingine bila kupitia UEFI) na kazi za IMA (ukaguzi wa saini za faili ndani ya kerneli), haliruhusu moduli. `.machine` ndilo linalopokea MOK na kuunganishwa na `.secondary_trusted_keys`, ambalo moduli hukaguliwa nalo. Distro kadhaa zina viraka vyao vinavyoruhusu moduli zikaguliwe kwa `.platform`, kwa hiyo moduli ya DKMS iliyokuwa ikiingia bila shida kwenye kerneli ya distro inaweza kukataliwa na kerneli yako. Dawa ni amri hii, ikifuatwa na kuwasha upya na kukubali kwenye MokManager:

```
sudo mokutil --trust-mok
```

Kisha angalia kwa macho yako:

```
sudo keyctl list %:.machine
sudo keyctl list %:.platform
```

Jina la cheti chako lazima lionekane kwenye `.machine`. Likiwa kwenye `.platform` peke yake, `--trust-mok` haijashika.

## Kujenga na kusaini

```
make -j$(nproc)
sudo make modules_install INSTALL_MOD_STRIP=1
sudo make install
V=$(make -s kernelrelease)
sudo sbsign --key mok.key --cert mok.crt \
  --output /boot/vmlinuz-$V.s /boot/vmlinuz-$V
sudo mv /boot/vmlinuz-$V.s /boot/vmlinuz-$V
sbverify --cert mok.crt /boot/vmlinuz-$V
```

Moduli husainiwa wakati wa `modules_install`, kwa ufunguo ambao ujenzi umejitengenezea kwenye `certs/signing_key.pem`. Saini hubandikwa mwishoni mwa faili, ikifuatiwa na maneno `~Module signature appended~`. Ukipitisha `strip` baadaye, mkia huo unakatwa na moduli inakuwa haina saini. `INSTALL_MOD_STRIP=1` hupunguza kwanza ndipo isaini, kwa hiyo iache kazi hiyo ifanywe hapo tu.

Ufunguo ule wa `certs/` ni wa siri kama MOK. Ukimaliza kujenga, na huna moduli nyingine za kusaini kwa ujenzi huohuo, ufute. Mwenye nao anaweza kuingiza moduli yoyote kwenye kerneli yako, na Secure Boot haitamzuia.

Washa kerneli mpya. GRUB ikisema `bad shim signature`, au shim ikionyesha `Verification failed: (0x1A) Security Violation`, basi ama cheti hakijaandikishwa, ama ulisaini faili tofauti na lile linalowashwa, ama ni lile tatizo la OID. Ikiwaka, `mokutil --sb-state` iseme `SecureBoot enabled` na `dmesg` iwe na mstari wa `Secure boot enabled`.

Kwa moduli, jifunze kutofautisha makosa haya. `Key was rejected by service` inamaanisha moduli haina saini kabisa, au saini ipo lakini kerneli haina ufunguo wake, au saini ipo na imekataliwa: faili limeguswa baada ya kusainiwa, au ufunguo uko kwenye orodha nyeusi. `Operation not permitted` pamoja na mstari wa `Lockdown:` kwenye `dmesg` ni suala la sehemu inayofuata.

## Lockdown

Lockdown ni hali ya kerneli inayomzuia hata root kubadilisha kerneli inayoendesha. Kerneli asilia haiiwashi kwa kuona Secure Boot imewashwa. Ni viraka vya distro vinavyofanya hivyo. Ukijenga kutoka chanzo cha kernel.org bila kuligusa hili, utakuwa na Secure Boot iliyowashwa na root anayeweza kuandika kwenye kumbukumbu ya kerneli kupitia milango mingine. Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote kwenye kerneli zilizojengwa kwa mkono.

Lockdown iliingia rasmi toleo la 5.4, mwaka 2019:

```
scripts/config -e SECURITY_LOCKDOWN_LSM -e SECURITY_LOCKDOWN_LSM_EARLY
```

Usipochagua `EARLY`, jina `lockdown` lazima liwemo kwenye orodha ya `CONFIG_LSM` (moduli za usalama za kerneli), la sivyo msimbo upo lakini haufanyi kazi.

Anza kwa kuongeza `lockdown=integrity` kwenye mstari wa amri wa kerneli, tumia mashine kwa kawaida, na usome `dmesg | grep Lockdown`. Utaona ni programu zipi zinagonga ukuta. Zinazogonga sana ni zana za kubadilisha voltaji ya CPU kupitia MSR (rejista maalumu za CPU), zana za kuandika chipu ya BIOS kutoka ndani ya mfumo, na `kexec` ya mtindo wa zamani. Hii ya mwisho hutibika kwa `kexec -s`. Kulaza mashine kwenye diski nako hukatika, na hakuna njia ya kupita pembeni. Ukiridhika, iweke ndani ya kerneli kwa `LOCK_DOWN_KERNEL_FORCE_INTEGRITY`, kisha thibitisha:

```
cat /sys/kernel/security/lockdown
none [integrity] confidentiality
```

Hali ya `confidentiality` huzuia pia kusoma kumbukumbu ya kerneli na huvunja zana nyingi za kupima utendaji. Kwa lengo letu la kulinda programu dhibiti, `integrity` inatosha.

Ukiwa hapo ongeza `STRICT_DEVMEM` na `IO_STRICT_DEVMEM`, na uwashe IOMMU kwa `INTEL_IOMMU` na `INTEL_IOMMU_DEFAULT_ON`, au `AMD_IOMMU`. Kifaa chenye programu dhibiti mbovu kinaweza kuandika moja kwa moja kwenye RAM bila kupitia kerneli, na IOMMU ndiyo inayokiwekea mipaka. Kiendeshi cha chipu ya SPI (inayohifadhi UEFI) kwenye mashine za Intel, `spi_intel`, husoma tu kwa chaguo-msingi. Usikipe kamwe kigezo cha `writeable=1` kwenye mashine ya kazi.

## Programu dhibiti za vifaa

Kerneli hutafuta faili kwa mpangilio huu: `/lib/firmware/updates/` yenye jina la toleo, `/lib/firmware/updates/`, `/lib/firmware/` yenye jina la toleo, halafu `/lib/firmware/`. Kigezo `firmware_class.path` hutangulia zote. Kwa kawaida hakuna saini inayokaguliwa hapa. Chipu nyingi za kisasa hukagua saini ya mtengenezaji zenyewe, lakini si zote, na hata zinazokagua zinaweza kukubali toleo la zamani lenye tundu.

Zima `FW_LOADER_USER_HELPER_FALLBACK`. Ikiwashwa, faili likikosekana kerneli husubiri sekunde 60 programu ya nje ilete data, jambo linalochelewesha kuwaka na kufungua mlango usiohitajika.

Kuna njia tatu za kukagua faili hizi.

Ya kwanza, na rahisi kwa faili chache, ni kuzijenga ndani ya kerneli ili saini ya kerneli izifunike:

```
scripts/config --set-str EXTRA_FIRMWARE "regulatory.db regulatory.db.p7s" \
               --set-str EXTRA_FIRMWARE_DIR "/lib/firmware"
```

Mfano huo una maana yake. Ukiwa na `CFG80211_REQUIRE_SIGNED_REGDB`, kerneli hukagua saini ya `regulatory.db` kwa kutumia faili la `.p7s`. Ukijenga cfg80211 (sehemu ya kerneli inayosimamia Wi-Fi) ndani badala ya kuifanya moduli, itatafuta faili hizo kabla diski haijapachikwa na kushindwa kwa `error -2`, yaani faili halipo. Kuzijenga ndani kunamaliza tatizo. Kumbuka kwamba `EXTRA_FIRMWARE` haifungui faili zilizobanwa. Lenye mwisho wa `.xz` au `.zst` lifungue kwanza.

Ya pili ni LoadPin: `SECURITY_LOADPIN` na `SECURITY_LOADPIN_ENFORCE`, pamoja na `loadpin` kwenye `CONFIG_LSM`. Hii hulazimisha moduli na programu dhibiti zote zitoke kwenye mfumo mmoja wa faili, ule ambao faili la kwanza lilitoka. Inafaa sana ikiwa mzizi wa mfumo ni wa kusomwa tu na unalindwa kwa dm-verity (ukaguzi wa kila kinachosomwa kwenye diski). Mtego wake ni initramfs (mfumo mdogo wa faili unaotumika mwanzoni mwa kuwasha): moduli ya kwanza ikitoka humo, LoadPin inajifunga humo, na kila kilicho kwenye diski kinakataliwa. Basi jenga ndani ya kerneli kila kinachohitajika hadi diski ipachikwe. Jaribu kwanza kwa `loadpin.enforce=0`.

Ya tatu ni IMA, yenye nguvu zaidi na inayohitaji uangalizi:

```
scripts/config -e IMA -e IMA_APPRAISE -e IMA_APPRAISE_BOOTPARAM \
  -e IMA_APPRAISE_BUILD_POLICY -e IMA_APPRAISE_REQUIRE_FIRMWARE_SIGS \
  -e INTEGRITY_TRUSTED_KEYRING -e IMA_LOAD_X509
scripts/config -e TCG_TPM -e TCG_TIS -e TCG_CRB
```

Viendeshi vya TPM viwe `y`, visiwe `m`. IMA huanza mapema. Isipoikuta TPM huandika `No TPM chip found, activating TPM-bypass!` na haitarudi kuitafuta. TPM zilizomo ndani ya CPU hutumia `TCG_CRB`, chipu za pekee hutumia `TCG_TIS`.

Tengeneza CA yako, weka cheti chake kwenye `SYSTEM_TRUSTED_KEYS`, kisha kwa CA hiyo saini cheti cha IMA na ukiweke `/etc/keys/x509_ima.der`. Kerneli hukisoma cheti hicho wakati initramfs ndiyo mzizi, kwa hiyo lazima kiwemo ndani ya initramfs kwa njia hiyohiyo. Kikiwa kwenye diski peke yake, shada la `.ima` litabaki tupu na kila programu dhibiti itakataliwa. Kusaini ni hivi:

```
sudo find /lib/firmware -type f -exec evmctl ima_sign \
  --hashalgo sha256 --key ima.key {} \;
getfattr -m security.ima -d /lib/firmware/regulatory.db
```

Faili lililobanwa lisaini likiwa limebanwa hivyohivyo, kwa sababu kerneli hukagua lile inalolisoma kwenye diski. Saini hukaa kwenye sifa za ziada za faili, na sifa hizo hupotea kirahisi: `cp` ya kawaida huziacha, `rsync` huhitaji `-X`, na kila sasisho la kifurushi cha linux-firmware huleta faili lisilo na saini. Weka kazi ya kusaini upya kwenye kichocheo cha kidhibiti vifurushi, la sivyo siku ya sasisho Wi-Fi itazimika. Muundo wa cpio wa initramfs nao haubebi sifa hizi. Programu dhibiti inayohitajika mapema, kama ya kadi ya picha, iende `EXTRA_FIRMWARE`.

Jaribu kwa `ima_appraise=log` huku Secure Boot ikiwa imezimwa kwa muda; kerneli inayoona Secure Boot hukipuuza kigezo hicho na kuandika hivyo kwenye `dmesg`.

## Initramfs na mstari wa amri

Saini ya kerneli haigusi initramfs wala mstari wa amri. Mtu mwenye diski yako mkononi anaweza kubadilisha vyote viwili. Ziba kwa kuunganisha kila kitu kwenye faili moja lililosainiwa:

```
sudo ukify build --linux=/boot/vmlinuz-$V --initrd=/boot/initrd.img-$V \
  --cmdline="root=/dev/mapper/mzizi ro lockdown=integrity" \
  --secureboot-private-key=mok.key --secureboot-certificate=mok.crt \
  --output=/boot/efi/EFI/Linux/kerneli-$V.efi
```

Secure Boot ikiwa imewashwa, faili hili hupuuza mstari wa amri unaoletwa kutoka nje.

## Kusasisha UEFI yenyewe

Mtengenezaji akiunga mkono, `fwupdmgr update` hupanga kapsuli (kifurushi cha sasisho) na UEFI huikagua saini kisha kuiandika mashine inapowashwa upya. Lockdown haizuii njia hii. Ikishindwa, sababu iko hapa:

```
sudo grep . /sys/firmware/efi/esrt/entries/*/last_attempt_status
```

0 ni mafanikio, 1 ni kushindwa bila maelezo, 2 ni upungufu wa nafasi, 3 ni toleo lisilofaa, 4 ni muundo mbovu, 5 ni saini kukataliwa, 6 ni mashine kutochomekwa kwenye umeme, na 7 ni betri kuwa chini. Ukikuta 3, mara nyingi umejaribu kurudi kwenye toleo la zamani ambalo mtengenezaji amelifungia, na amefanya vizuri.

Sasisho la UEFI hubadilisha PCR 0 (PCR ni rejista za vipimo ndani ya TPM), na sasisho la dbx, orodha ya saini zilizofungiwa, hubadilisha PCR 7. Ufunguo wa LUKS uliofungwa kwa PCR hizo hautatoka. Fungua diski kwa nenosiri, kisha andikisha upya:

```
sudo systemd-cryptenroll --wipe-slot=tpm2 --tpm2-device=auto \
  --tpm2-pcrs=7 /dev/nvme0n1p3
```

Kabla ya sasisho la dbx hakikisha pia shim na GRUB zako ni za karibuni, pamoja na zile zilizoko kwenye diski za USB za uokoaji. Tangu BootHole, tundu la usalama la GRUB la mwaka 2020 (CVE-2020-10713), matoleo mengi ya zamani yamefungiwa, na USB ya uokoaji isiyowaka huonekana pale tu unapoihitaji.

Mwisho endesha `fwupdmgr security`. Itaorodhesha hali ya Secure Boot, lockdown, IOMMU, TPM na ulinzi wa chipu ya SPI kama kerneli inavyoiona sasa hivi. Mstari wa chipu ya SPI ukiwa mwekundu, chaguo la kerneli halitausaidia; kinga hiyo huwekwa na UEFI, na dawa ni sasisho la mtengenezaji. Mistari mingine ikiwa myekundu, rudi kwenye sehemu husika, uanze na `.config` ya kerneli inayoendesha: `grep LOCKDOWN /boot/config-$(uname -r)`.